Kupanga sinthesaiza za kupigia laivu kwa fedha kidogo

Ukiwa na dola 600 au 700 na unataka kupiga seti ya dakika 40, usianze kwa kuuliza sinthesaiza (mashine ya umeme inayotengeneza sauti za muziki) ipi ina sauti tamu. Siku hizi karibu zote zina sauti tamu. Uliza kwanza ni kifaa gani kitabeba nyimbo zako zote, kitapiga ngoma na bezi kwa pamoja, kitabadilisha wimbo bila kunyamaza, na kuvipa vifaa vingine saa, yaani mapigo ya mwendo ya kufuata. Kazi hiyo ni ya sikwensa, na ndiyo ubongo wa seti nzima. Sinthesaiza isiyo na sikwensa ya maana inakuacha jukwaani na mikono miwili tu, huku ngoma hazina mpigaji.

Kabla ya kuagiza chochote, tenga robo ya fedha yako iwe ya kebo, umeme na kesi ya kubebea. Watu hupunja hapo, kisha onyesho linakufa kwa sababu ya plagi ya shilingi elfu tano.

Kama kompyuta tayari unayo

Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na wala si ya aibu: singeli ilikulia kwenye studio ndogo za uswahilini Dar es Salaam zilizokuwa na kompyuta na programu tu. Surge XT ni programu ya sinthesaiza ya bure kabisa, na Vital ina toleo la bure linalotosha. Unachokosa ni vitu vya kushika. Korg nanoKONTROL2 ina slaida 8 na vitufe 8 vya kuzungusha, inaingia kwenye USB, na inatosha kuendesha sauti za njia nane na filta (vichujio vya sauti) zake. Ongeza kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya kutolea ya jeki kubwa.

Usitoe sauti kwenye tundu la hedifoni la kompyuta ukaipeleka moja kwa moja kwenye spika kubwa. Kompyuta ikiwa kwenye chaji utasikia mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya. Weka bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuipiga) kwenye sampuli 128 au 256. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, sampuli 256 ni takriban milisekunde 6, kiasi ambacho kidole hakikihisi. Ukishuka hadi 64 kwenye mashine dhaifu, sauti itakatika wakati ambapo filta na mwangwi vinafanya kazi pamoja, yaani pale wimbo ulipofika kileleni. Zima intaneti na masasisho kabla ya kutoka nyumbani.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kila kitu kiko kapu moja. Kompyuta ikiganda, umenyamaza. Ndiyo maana wengi hatimaye huhamia kwenye mashine.

Kuchagua ubongo

Novation Circuit Tracks ilitoka mwaka 2021 ikiuzwa karibu dola 400, na kwa bajeti hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Ina njia mbili za sinthesaiza, kila moja ikiwa na sauti sita kwa mpigo, kwa hiyo akodi nzima inapigika. Ina njia nne za ngoma zinazotumia sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) zako mwenyewe, na njia mbili za MIDI (lugha ambayo vyombo huambizana noti na mwendo) za kuendesha vifaa vya nje. Betri yake ya ndani hudumu kama saa nne. Lakini kinachoipa thamani katika mpango wa fedha kidogo ni matundu mawili ya kuingizia sauti: unachomeka sinthesaiza ya pili humo, inapita kwenye mwangwi wa Circuit, na yote inatoka kwa kebo mbili. Umeokoa bei ya miksa.

Elektron Model:Samples ya 2019 na Model:Cycles ya 2020 zina njia sita kila moja. Ni bora kuliko Circuit kwa mtu wa midundo, kwa sababu kila hatua ya sikwensa inaweza kubeba mabadiliko yake ya sauti, na visu vya kuzungusha ni vikubwa na viko wazi. Ila hazina tundu la kuingizia sauti wala betri ya ndani. Ukiongeza kifaa cha pili, lazima ununue miksa. Kama muziki wako ni ngoma na vipande vya sampuli basi, Model:Samples peke yake inamaliza kazi.

Njia ya tatu ni Roland T-8 ya 2022 pamoja na S-1 ya 2023, kila moja ikiuzwa karibu dola 200 ilipotoka. T-8 inapiga ngoma na bezi, S-1 inapiga melodi kwa sauti nne. Zote zina betri ya kuchaji kwa USB-C, na zote zina tundu la MIX IN, kwa hiyo unaingiza S-1 ndani ya T-8 na kutoa vyote kwa tundu moja. Zinaingia kwenye begi la mgongoni na nafasi inabaki. Ubaya: matundu yote ni ya milimita 3.5, vitufe ni vidogo, na kazi nyingi zimefichwa nyuma ya kitufe cha SHIFT. Kwenye taa hafifu za klabu, mtu mwenye vidole vinene atateseka.

Usinunue sinthesaiza kubwa ya analogi yenye kibodi iwe ya kwanza. Korg Minilogue, kwa mfano, ni chombo kizuri sana chenye sauti nne kwa mpigo na vidole (vibonyezo vya kupigia noti) 37, lakini inapiga sauti moja tu ya ala kwa wakati, haina ngoma, na haina betri. Pia vyombo vya analogi huyumba tuni joto linapobadilika. Ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi Upanga na kuiweka chini ya turubai Temeke saa kumi jioni, ipe nusu saa izoee kabla ya kuitunisha.

Kinanda cha zamani unachokifikiria

Kwenye kanisa, bendi ya harusi au kikundi cha taarabu hakukosekani kinanda cha Yamaha au Casio kilichokaa. Kinaweza kuwa kibodi ya kuendeshea mashine yako, ila angalia nyuma kwanza. Kama kina tundu la MIDI OUT la duara lenye pini tano, umepata bure: kebo moja mpaka MIDI IN ya Circuit, zima sauti yake ya ndani, kazi imekwisha.

Kama kina USB ya mraba iliyoandikwa TO HOST peke yake, haiwezi kuongea na Circuit moja kwa moja hata ukipata kebo inayoingia pande zote mbili. Vyote viwili vinasubiri kompyuta iwatambulishe. Utahitaji kompyuta katikati, au kisanduku cha kupokea USB na kutoa MIDI. Piga hesabu ya kisanduku hicho kabla ya kujipongeza kwa kinanda cha bure.

Sauti ya pili: Volca moja inatosha

Korg ilianza kutoa Volca mwaka 2013 kwa bei ya karibu dola 150, na zilizotumika ni nyingi sokoni. Kwa kuongezea Circuit, Volca Bass ndiyo yenye manufaa zaidi. Osileta (vitoa sauti) zake tatu za analogi, ukizituni pamoja na kuipotosha kidogo ya tatu, zinatoa bezi nene ambayo sinthesaiza ya dijitali ya Circuit huipata kwa taabu. Volca FM inafaa kengele na vinanda vya kielektroniki. Ukiweza, tafuta toleo la pili, FM2, lenye sauti sita badala ya tatu. Volca Beats iache. Ngoma za Circuit zinatosha, na sneya ya Beats ina sifa mbaya tangu siku ya kwanza.

Jinsi ya kuunganisha Circuit Tracks na Volca Bass:

1. Zima vyote viwili na ushushe sauti za miksa. Chomeka kebo ya MIDI ya pini tano kutoka MIDI OUT ya Circuit hadi MIDI IN ya Volca. Mita moja na nusu inatosha; kikomo cha MIDI ni mita 15, na huhitaji kukikaribia.

2. Weka Volca kwenye chaneli 3. Shikilia MEMORY huku ukiiwasha, chagua namba 3 kwenye vidole vya chini, kisha bonyeza REC. Circuit hutuma njia yake ya kwanza ya MIDI kwenye chaneli 3 na ya pili kwenye 4, ilhali sinthesaiza zake za ndani ziko chaneli 1 na 2. Ukiiacha Volca kwenye chaneli 1 itapiga melodi ya sinthesaiza ya kwanza, na utadhani imeharibika.

3. Kutoka tundu la hedifoni la Volca, tumia kebo yenye plagi ya stereo ya milimita 3.5 upande mmoja na jeki mbili za mono za milimita 6.35 upande wa pili. Ziingize kwenye matundu mawili ya kuingizia ya Circuit.

4. Weka sauti ya Volca kwenye robo tatu. Ipandishe kwenye ukurasa wa miksa wa Circuit mpaka bezi ikae chini kidogo ya kiki (ngoma nzito ya chini).

5. Hifadhi. Volca huhifadhi kwa FUNC pamoja na MEMORY, kisha namba; usipohifadhi, patani (mfululizo wa noti ulioutunga) inapotea ukizima. Pia hujizima yenyewe ikikaa saa nne bila kuguswa.

Hatua ya tatu ina mtego unaowapata wengi. Wakikosa kebo yenye matawi mawili, huchukua kebo ya stereo ya kawaida, 3.5 kwenda 6.35, na kuichomeka kwenye tundu moja la miksa. Tundu la miksa likiwa la balansi, linatoa tofauti kati ya ncha na pete ya plagi. Volca Bass inapeleka sauti ileile kwenye vyote viwili, kwa hiyo tofauti ni sifuri. Unasikia kimya, au mlio mwembamba kama wa redio ya mbali. Hakuna kilichoharibika; badilisha kebo.

Plagi ndogo za MIDI za milimita 3.5 zina mtego wa namna yake. Zipo za mpangilio A na mpangilio B, tofauti ikiwa ni pini zilizobadilishana nafasi. Mpangilio A ulikubaliwa kuwa wa kawaida mwaka 2018, lakini vya zamani kama Arturia BeatStep Pro na Circuit ya kwanza vinatumia B. Adapta ya aina isiyo yake haiharibu kitu, haifanyi kazi tu. Kabla ya kumlaumu muuzaji, jaribu adapta ya aina nyingine.

Saa moja, na mwendo wa singeli

Vifaa viwili vikiwa na saa mbili vitaachana ndani ya dakika. Chagua mmoja awe kiongozi, nyingine zifuate. Kati ya Circuit na Volca kuna njia mbili za kupeleka saa: ujumbe wa MIDI, au kebo ndogo ya SYNC ya 3.5. Tumia moja. Ukichomeka zote mbili na kusahau, Volca inaweza kuanza vizuri kisha ikajikwaa, na utatafuta tatizo usiku kucha mahali ambapo halipo. Kama noti zote za Volca zinatoka kwenye njia ya MIDI ya Circuit, hata hiyo saa huihitaji.

Kwa amapiano au hausi mwendo si shida. Singeli ndiyo inayozipima mashine hizi, maana mara nyingi huwa kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, na Circuit Tracks inaishia 240. Tuseme unataka 260. Weka mwendo 130, nusu yake, kisha kwa kila njia ingia kwenye mipangilio ya patani na ubadilishe mgawanyo kutoka 1/16 kwenda 1/32. Hatua 16 sasa zinapita kwa kasi ya 260, na namba ya mwendo inayoonyeshwa na pedi inabaki 130. Fanya hivyo kwa kila njia, ngoma na melodi. Ukisahau moja itasikika kama imelala usingizi.

Sasa Volca, kama unatumia sikwensa yake kupitia SYNC, itaendelea kwenda kwa 130. Circuit hutuma mapigo mawili kwa kila robo noti, na Volca husogea hatua mbili kwa kila pigo. Ingia kwenye mipangilio ya Circuit na upandishe mapigo kutoka 2 hadi 4. Volca itakwenda mara mbili na kuungana na wenzake. Hila hiyohiyo inafanya kazi kinyume: ukiyaacha mapigo kwenye 2, bezi itatembea nusu mwendo chini ya ngoma za haraka, na kwa singeli hilo linapendeza sana.

Kwa kasi hiyo kila hatua ya kumi na sita ni takriban milisekunde 58. Sauti ndefu hazina nafasi. Fupisha kiki mpaka ibaki kama gonga, na punguza mwangwi kwenye ngoma zote. Seti inayosikika chafu kwa 260 mara nyingi haina tatizo la sauti kuwa nyingi. Ni mikia tu inayokanyagana.

Umeme

Tanzania, Kenya na Uganda ni voti 230 hadi 240. Sinthesaiza ya zamani iliyotoka Marekani kwa mtu wa familia ni ya 120, ya Japani ni 100, na nyingi zina transfoma ndani isiyobadilika. Ukichomeka ukutani, moshi. Soma maandishi nyuma: 100–240V ni salama, 120V peke yake inataka transfoma ya kushusha. Vifaa vilivyonunuliwa Dubai kwa kawaida havina tabu hii.

Adapta za voti 9 zinafanana na haziko sawa. Volca inataka chanya katikati. Pedali nyingi za gitaa zinataka hasi katikati. Adapta ya soko yenye ncha za kubadilisha itaingia kokote bila kukuonya. Tazama mchoro mdogo wa duara na nukta kwenye adapta na kwenye chombo, lazima vilingane. Andika jina la chombo kwenye kila adapta kwa utepe mweupe.

Kwa jukwaa, tunapendekeza betri kila inapowezekana. Umeme unaokatika, jenereta inayopanda na kushuka, na mngurumo wa ethi (waya wa kwenda ardhini) vyote vinaondoka kwa mara moja. Volca inatumia betri sita za AA na alkali hudumu kama saa 10. Zile za bei ya chini za zinki na kaboni huanza vizuri na kushuka ghafla, na bezi huanza kukwaruza kabla onyo la betri halijatokea. Za kuchaji za voti 1.2 zinafaa, ila badilisha aina ya betri kwenye mipangilio ya Volca ili isome chaji sawasawa.

Circuit ikihitaji zaidi ya saa zake nne, pawabanki ya 10,000 mAh inabeba kama Wh 37. Ukitoa upotevu unabaki na karibu 30, yaani saa nne nyingine hata mashine ikila wati 7.5 bila kupunguza. Pawabanki nyingine hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo. Ijaribu nyumbani kwa saa nzima, si dakika tano.

Kutoka mashine hadi spika

Kebo zisizo za balansi zikizidi mita sita zinaokota mngurumo, hasa zikilala kando ya waya za taa. Kisanduku cha DI cha njia mbili (kinachogeuza sauti isiyo ya balansi kuwa ya balansi) kinatatua: kebo fupi kutoka Circuit hadi DI, kebo ndefu za XLR kutoka DI hadi miksa ya ukumbi. DI isiyotumia umeme, yenye swichi ya kukata ethi, haina cha kuharibika na itadumu miaka. Kumbi nyingi hudai zinazo. Nenda na yako.

Mngurumo wa hezi 50 ukitokea, bonyeza swichi hiyo ya DI. Usikate wala kung'oa pini ya ethi kwenye plagi ya ukutani, hata fundi wa ukumbi akisema ndivyo wanavyofanya siku zote. Pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe. Mlio mwembamba wa juu, tofauti na mngurumo, mara nyingi unatoka kwenye USB: chomoa chaji, au kompyuta, usikilize.

Kwenye majaribio ya sauti omba fundi aache toni zote katikati. Piga kiki peke yake kwanza, aipandishe mpaka inafaa, halafu bezi, halafu vingine. Usianze na wimbo mzima, maana atashusha kila kitu kwa sababu ya kitu kimoja. Acha sauti yako ya kutokea kwenye robo tatu ili ubaki na pa kupanda. Na panga seti yako ukiisikiliza kwa mono: spika nyingi za mtaani, kwenye vigodoro na harusi, zimeunganishwa mono hata kama ziko mbili, na sinthesaiza uliyoipanua sana kushoto na kulia inaweza kuyeyuka.

Kununua iliyotumika, na kuagiza

Dakika 15 zinatosha kukagua. Zungusha kila kisu polepole huku sauti ikitoka. Mkwaruzo mdogo huisha kwa dawa ya kusafisha, kinachoruka namba kimechakaa. Tikisa plagi kwenye kila tundu: sauti ikikatika, tundu limelegea kwenye ubao na litahitaji kuchomelewa upya risasi. Bonyeza kila kitufe na kila kidole. Tuma noti za MIDI kutoka nje, jaribio ambalo wauzaji wengi hawajawahi kulifanya. Kwa vyenye betri ya ndani, angalia kama mgongo umevimba, na kiendeshe bila chaja muda wote wa mazungumzo ya bei.

Ukiagiza nje, VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, 16 Kenya, na inakokotolewa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru kwa pamoja. Muulize wakala wa forodha kwanza. Kifaa cha dola 150 peke yake kinaweza kubeba gharama za usafiri zinazokaribia bei yake. Agizeni watu wawili au watatu kwa pamoja. Kebo usiagize. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi zipo, na fundi mzuri atakutengenezea kebo yenye plagi za chuma kwa urefu unaoutaka.

Vumbi, chumvi, joto

Pwani, hewa ya bahari inakula matundu. Funga mashine kwenye mfuko na pakiti za kunyonya unyevu, na chomeka na kuchomoa kila tundu mara kadhaa kila mwezi hata kama hupigi. Mashine nyeusi kwenye jua la mchana hupata joto haraka na betri huanza kukataa chaji. Ifunike kwa kanga nyeupe mpaka dakika ya mwisho. Vumbi la barabarani huingia kwenye slaida kwanza, kwa hiyo kesi yenye mfuniko ni muhimu kuliko kesi nzuri.

Ikinyamaza katikati ya onyesho

Fuata mpangilio huu, usichomoe ovyo. Je, taa za hatua zinatembea? Kama hazitembei, umegusa STOP au saa ya nje imekatika, bonyeza PLAY. Kama zinatembea na Circuit haitoi sauti kabisa, angalia kisu kikuu cha sauti kisha kisu cha filta kuu: kikiwa kimezungushwa mpaka mwisho kinameza kila kitu, na hiki ndicho chanzo kinachotokea zaidi kuliko vyote. Hedifoni ikisikika na spika hazisikiki, tatizo liko mbele yako: DI, kebo, au fundi amezima chaneli. Volca peke yake ikinyamaza, gusa kidole chake. Ikilia, MIDI ndiyo imelegea, na isipolia, ni betri au kebo yake ya sauti. Noti ikikwama na kulia bila kukoma, chomoa MIDI ya Volca, izime na kuiwasha, chomeka tena. Ngoma za Circuit zitaendelea wakati wote huo, na wanaocheza hawatajua.